Kuichukua nyumba iliyokuwa kwa wakala mwingine: mwongozo kwa mawakala wa nyumba walioko Marekani

Dar es Salaam au Mombasa, nyumba moja inayouzwa inaweza kuwa na madalali watano. Kila mmoja ana picha zake kwenye WhatsApp, na atakayemleta mnunuzi wa kweli ndiye anayekula kamisheni. Mwenye nyumba hajasaini chochote na hafungwi na yeyote. Mtu aliyezoea utaratibu huo akipata leseni ya uwakala Texas, Minnesota au Ohio, kosa la kwanza linalomngoja ni kudhani mambo ni yaleyale. Huku nyumba nyingi huuzwa kwa mkataba wa kampuni moja tu, wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ukiingia katikati ya mkataba huo, hata kwa nia njema ya kumsaidia ndugu aliyekwama, unaweza kumsababishia huyo ndugu alipe kamisheni mara mbili, na wewe ukaitwa mbele ya kamati ya maadili.

Mawakala wengi Marekani ni wanachama wa chama cha kitaifa kinachoitwa NAR, ambacho kanuni zake za maadili zilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1913. Kifungu cha 16 cha kanuni hizo ndicho kinachohusu mteja aliye chini ya mkataba wa wakala mwingine, na mwongozo huu unakifuata. Asiye mwanachama asijione yuko salama. Sheria za leseni za majimbo zinamhusu, na mahakama zinatambua kosa la kuingilia mkataba wa watu wengine kwa makusudi.

Mkataba ni wa nani?

Wakala ambaye picha yake iko kwenye bango si mwenye mkataba. Mkataba ni kati ya mwenye nyumba na broka, yaani kampuni au mtu mwenye leseni kuu ambaye wakala huyo anafanya kazi chini yake. Hili liweke kichwani mapema, kwa sababu litarudi mara nyingi. Wakala akisema "nimekuachia" hajakuachia kitu mpaka broka wake asaini. Wakala akihama kampuni, nyumba haihami naye. Wakala akiugua au akifariki, mkataba haufi. Broka humteua mwingine aendelee nao.

Mikataba yenyewe ni ya aina tatu, na lazima ujue unashughulika na upi. Ulio wa kawaida zaidi ni wa haki ya pekee ya kuuza: nyumba ikiuzwa ndani ya muda, broka analipwa, hata kama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyempata mnunuzi sokoni au kanisani. Wa pili ni uwakala wa pekee, ambapo broka ni mmoja tu lakini mwenye nyumba akijiuzia mwenyewe halipi. Wa tatu ni mkataba wa wazi, unaofanana na wa madalali wa nyumbani, ambao mwenye nyumba anaweza kuwapa wengi. Makatazo ya Kifungu cha 16 yanalinda aina mbili za kwanza. Ikiwa mkataba ni wa wazi, hakuna wa kumnyang'anya, ingawa bado ni vizuri kumwambia mwenye nyumba awaarifu wale wengine kwa maandishi kabla hajasaini nawe mkataba wa pekee, wasije wakamdai.

Soma hali ya nyumba kwenye mfumo kabla hujafungua mdomo

Fungua MLS, yaani mfumo wa pamoja ambamo mawakala huorodhesha nyumba zinazouzwa, tafuta anwani, kisha fungua historia yote, si ukurasa wa juu tu. Utakuta neno moja kati ya haya, na kila moja lina uzito wake.

"Active" na "Pending" zinaeleweka: mkataba uko hai, kaa mbali.

"Expired" maana yake muda umeisha. Hapo uko huru kumtafuta mwenye nyumba, lakini hakikisha mambo mawili. Kwanza, je, hajaongeza muda na broka yuleyule au kusaini na mwingine asubuhi hiyohiyo? Mfumo unaweza kuchelewa siku moja au mbili kuonyesha hivyo. Pili, kuna kipengele cha ulinzi, ambacho tutakifikia.

"Canceled" kwa kawaida maana yake mkataba umevunjwa. Kwa kawaida, si kila mara. Kuna mifumo ambayo wakala huifuta nyumba ili kuiingiza upya kwa bei nyingine, na mkataba wake bado unaendelea.

"Withdrawn" ndilo neno linalowaponza wengi. Nyumba imeondolewa sokoni, pengine kwa sababu ya msiba, ukarabati, wageni au sikukuu, lakini mkataba haujavunjika. Mwenye nyumba bado ni mteja wa watu. Wakala mpya huona nyumba haipo tena sokoni, anapiga simu kwa furaha, na siku hiyohiyo anakuwa amevunja Kifungu cha 16. Majina ya hali hizi hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, kwa hiyo soma kamusi ya mfumo wa eneo lako mara moja na uihifadhi.

Kama hali haieleweki, uliza. Mpigie broka au wakala aliyeorodhesha, jitambulishe, na uulize maswali mawili tu: mkataba ni wa aina gani, na unaisha lini? Akikujibu, umepata jibu, na huna ruhusa ya kumfuata mwenye nyumba mpaka tarehe hiyo ipite. Akikataa kukujibu, kanuni ya 16-4 inakuruhusu kumwuliza mwenye nyumba moja kwa moja, na hata kuzungumzia masharti ya mkataba wa baadaye. Mlango huo ni mwembamba. Unafunguka kwa sababu amekataa. Kutokupigiwa simu tena ndani ya saa moja hakuhesabiki kuwa kukataa. Tuma ujumbe wa maandishi, mpe siku moja au mbili za kazi, na uhifadhi nakala.

Nani alianza mazungumzo?

Hili ndilo swali ambalo kamati ya maadili itakuuliza kwanza, na hapa ndipo jamii yetu inapoteleza zaidi. Kanuni ya 16-6 inasema kwamba mteja wa wakala mwingine akikutafuta mwenyewe, bila wewe kuyaanzisha mazungumzo moja kwa moja au kwa kuzunguka, unaweza kuzungumza naye kuhusu mkataba wa baadaye, na hata kusaini mkataba utakaoanza kufanya kazi baada ya ule wa sasa kuisha.

Kuzunguka ni kupi? Ni kumtuma shemeji yako amdokeze mwenye nyumba kwenye harusi. Ni kuandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, "Hiyo nyumba ingekuwa kwangu ingeshauzwa," ukijua mwenyewe yumo ndani ya kundi. Ni kumpelekea salamu za Idi au Krismasi zilizoambatana na orodha ya nyumba ulizouza mtaani kwake mwezi huu, wakati bango la mwenzako limesimama kwenye uwanja wake. Hakuna hata moja kati ya hizo uliyoisema kwa mdomo wako kwamba "niachie mimi," lakini zote zimeanza mazungumzo.

Kinachoruhusiwa ni matangazo ya jumla: kadi kwa nyumba zote za mtaa au msimbo wa posta, tangazo kwenye redio ya jumuiya, au tangazo lako kwenye ukurasa wako. Nyumba yenye bango la mwenzako ikipokea kadi pamoja na nyingine 300, hujakosa. Ukichukua orodha ya nyumba zilizo sokoni na kuwatumia hao tu, umekosa. Na ikiwa huduma unayotoa ni nyingine kabisa, kwa mfano kusimamia nyumba ya kupangisha, unaweza kumfuata mteja huyo kwa ajili ya hiyo, mradi taarifa zake hukuzipata kupitia MLS.

Sasa tuseme mwenye nyumba amekupigia mwenyewe. Mazungumzo safi huenda hivi:

"Kaka, nyumba ina miezi minne sokoni, huyu wakala hata simu hapokei. Njoo uichukue wewe, tuelewane."

"Pole sana dada. Kabla hatujaenda mbali, mkataba wako naye unaisha lini? Unayo nakala?"

"Hata sikumbuki. Nilisaini kwenye simu."

"Basi tafuta barua pepe ya siku ile, nakala imo humo. Angalia tarehe ya mwisho na sehemu inayozungumzia kuvunja mkataba. Mimi siwezi kukushauri uuvunje wala namna ya kuuvunja. Hilo ongea na broka wake, bosi wa ile kampuni, au mwanasheria. Muda ukiisha, au wakikuachia kwa maandishi, nitakuja na karatasi zangu."

Mwisho wa simu hiyo, mwandikie ujumbe mfupi: "Dada, asante kwa kunipigia leo. Kama tulivyosema, kwa sasa una mkataba na kampuni nyingine, kwa hiyo tutasubiri uishe." Ujumbe huo wa mistari miwili ndio ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekutafuta. Tarehe yake huwezi kuitengeneza baadaye.

Baada ya hapo unaweza kumweleza kamisheni yako, mpango wako wa kutangaza na makadirio yako ya bei. Huwezi kumwandikia barua ya kuvunja mkataba, kumwambia maneno ya kusema, wala kumhakikishia kwamba "hawatakushtaki." Usimtumie mnunuzi wala kumwonyesha mtu nyumba hiyo kwa kupitia yeye. Mkataba ukiwa hai, kila kitu kuhusu nyumba kinapita kwa wakala wake.

Akitaka kutoka kabla ya muda

Mpeleke kwa broka, usimpeleke kwa wakala. Mara nyingi tatizo ni wakala mmoja asiyejibu simu, na broka akijua hubadilisha wakala ndani ya kampuni. Huo unaweza kuwa mwisho mzuri wa jambo hilo kwa mwenye nyumba, hata kama wewe umeikosa kazi. Wakala anayemficha mteja njia hii ili nyumba imwangukie yeye anajihudumia mwenyewe.

Broka akikubali kumwachia, patakuwa na karatasi ya kuachia. Omba kuiona kabla hujasaini chochote, na uisome kwa makini. Je, wamiliki wote waliosaini mkataba wa kwanza wamesaini na huu? Mume akisaini peke yake wakati hati ina majina mawili, karatasi ina kasoro. Je, broka au mtu aliyeruhusiwa naye amesaini, au ni wakala tu? Je, kuna gharama ya kulipwa, kama vile picha au matangazo, na imeshalipwa? Na muhimu kuliko yote: kuachiwa ni kwa sharti au bila sharti?

Kuachia kwa sharti ndiyo mtego. Karatasi husema nyumba imeondolewa sokoni, lakini mwenye nyumba akisaini na kampuni nyingine au akiuza kabla ya tarehe ya mwisho ya mkataba wa awali, kamisheni bado inadaiwa. Mwenye nyumba huiona karatasi na kusema "nimeachiwa," naye anasema kweli kwa jinsi anavyoelewa. Wewe ndiye mwenye leseni, na wewe ndiye unayepaswa kuusoma mstari ule. Ikiwa kuachiwa ni kwa sharti, subiri tarehe ya mwisho.

Ujumbe wa simu wa "sawa, tumemalizana" hautoshi. Wala hautoshi mwenye nyumba kumtumia wakala barua ya kumfukuza. Mkataba wa pande mbili hauvunjwi na upande mmoja bila sababu ambayo sheria ya jimbo inaitambua, na kuipima sababu hiyo ni kazi ya mwanasheria.

Kipengele cha ulinzi

Mikataba mingi ina kipengele kinachomlinda broka wa kwanza baada ya muda kuisha. Kikisomwa haraka kinaonekana kigumu, lakini maana yake ni rahisi: mnunuzi niliyemleta mimi akirudi kununua siku chache baada ya mkataba kwisha, nilipwe. Ni haki. Bila hicho, mwenye nyumba na mnunuzi wangengoja wiki mbili tu, kisha wauziane kimyakimya.

Tuseme mkataba umeisha Juni 30 na ulinzi ni wa siku 90. Ulinzi unafika Septemba 28. Mnunuzi aliyeonyeshwa nyumba Juni 12 anarudi Agosti 20, safari hii kupitia kwako, na anainunua kwa dola 400,000. Ikiwa mkataba wa kwanza ulikuwa wa asilimia 2.5 na wako ni wa asilimia hiyohiyo, mwenye nyumba anaweza kujikuta anadaiwa dola 10,000 huku na dola 10,000 kule. Dola 20,000 kwa kazi moja. Hatakumbuka kwamba hukujua. Atakumbuka kwamba ulikuwa wakala wake.

Fanya hivi. Mwambie mwenye nyumba aombe kwa broka wa kwanza orodha ya majina yanayolindwa. Fomu nyingi zinamtaka broka aitoe kwa maandishi ndani ya siku chache baada ya mkataba kwisha, na asiyetajwa halindwi. Kisha soma kama kipengele kinajifuta mwenye nyumba anaposaini mkataba wa pekee na kampuni nyingine. Fomu nyingi zina maneno hayo, lakini si zote, na si majimbo yote. Kama hakijifuti, orodhesha majina yale ndani ya mkataba wako mpya na uandike wazi: mmoja wa hawa akinunua kabla ya tarehe fulani, kamisheni ya upande wa muuzaji haitadaiwa na kampuni yetu, au itakuwa kiasi fulani kidogo. Utapoteza pesa siku moja moja. Lakini mteja hatalipa mara mbili kwa sababu ya uvivu wako wa kusoma.

Kumgawia broka wa kwanza sehemu ya kamisheni kwa hiari inawezekana, ila iwe kati ya broka na broka, kwa maandishi, na mteja ajue. Usimpelekee wakala bahasha mkononi.

Simu kwa nyumba ambazo muda wake umeisha

Nyumba ikiwa "Expired," ushindani unaanza alfajiri. Mwenye nyumba anaweza kuamka na kukuta simu kumi. Kanuni za maadili hazikukatazi kumpigia, lakini kuna orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa, iliyoanza kazi mwaka 2003. Kama namba yake imo, usipige. Faini ya serikali kuu kwa simu moja inaweza kupita dola 50,000. Kwamba nyumba yake ilikuwa sokoni jana hakukupi ruhusa, maana ruhusa ya aina hiyo hutokana na uhusiano wa kibiashara kati yenu, nanyi hamjawahi kuwa nao. Piga kati ya saa mbili asubuhi na saa tatu usiku kwa saa za alipo yeye. Barua ya posta haiguswi na orodha hiyo, na kwa maoni yetu barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kuhusu nyumba ile yenyewe inashinda simu ya kumi na moja.

Bei, na maneno juu ya aliyekutangulia

Mwenye nyumba ambayo haikuuzwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda anayemwambia anachotaka kusikia. Hapo ndipo wakala asiye mwadilifu huinunua nyumba kwa bei ya mdomo: anataja bei kubwa apate saini, kisha baada ya wiki sita anaanza kumshusha kidogo kidogo. Kanuni ya 1-3 inakataza waziwazi kumdanganya mwenye nyumba kuhusu thamani ya soko ili upate mkataba.

Njoo na karatasi. Tuseme nyumba ilikuwa kwa dola 425,000 kwa siku 120. Nyumba tatu za ukubwa na umri huohuo, ndani ya maili moja, ziliuzwa katika miezi sita kwa 389,000, 395,000 na 402,000. Ziweke mezani pamoja na idadi ya siku ambazo kila moja ilikaa sokoni, na mwache aziangalie. Kama wakala wa kwanza aliwahi kumshauri ashushe bei naye akakataa, muulize na usikilize jibu. Huenda aliyekutangulia alifanya kazi nzuri na kilichokosewa ni bei. Akiendelea kung'ang'ania 425,000, una haki ya kukataa kazi hiyo, na mara nyingi ndivyo unavyopaswa kufanya.

Kuhusu huyo mwenzako, Kifungu cha 15 kinakataza kusema uongo au maneno ya kupotosha juu ya wakala mwingine au namna anavyofanya kazi. Unaweza kusema: "Tangazo lilikuwa na picha sita, mimi nitaweka thelathini." Hiyo inaonekana kwenye mfumo. Huwezi kusema: "Yule alikuwa hawapigii wanunuzi simu," kwa sababu hukuwa ofisini kwake. Mteja akianza kumsema, mwache amalize, kisha rudisha mazungumzo kwenye nyumba.

Kusaini na kupokea kazi

Kanuni ya 16-9 inakutaka ufanye juhudi za kweli kujua kama mteja ana mkataba mwingine kabla hujasaini naye. Kwa hiyo weka sentensi moja ndani ya mkataba ambayo mwenye nyumba anathibitisha kwamba hana mkataba wa pekee na mtu mwingine, na uambatishe karatasi ya kuachia au picha ya ukurasa wa MLS unaoonyesha tarehe ya mwisho. Mkataba wa kwanza ukiisha Juni 30 saa 5:59 usiku, wako uanze Julai 1. Kusaini mapema, pale mteja alipokutafuta mwenyewe, kunaruhusiwa. Kupiga picha za matangazo, kusimamisha bango la "inakuja hivi karibuni" au kuweka video TikTok kabla ya Julai 1 hakuruhusiwi.

Picha za zamani usizitumie. Mara nyingi haki yake ni ya mpiga picha au ya kampuni iliyomlipa, na mwenye nyumba hawezi kukupa asichomiliki. Hali ni hiyohiyo kwa maelezo ya nyumba. Yaandike upya hata kama ya kwanza yalikuwa mazuri. Ukitaka mchoro wa sakafu uliochorwa tayari, omba ruhusa ya maandishi.

Kisanduku cha funguo kilicho mlangoni ni cha mwenzako. Usikifungue, usikikate. Mwandikie aje akichukue pamoja na bango, mpe siku tatu, kisha weka chako. Na mshauri mwenye nyumba abadilishe namba za mlango wa kidijitali na za kengele, kwa kuwa mawakala wengi wa wanunuzi walipewa namba zile wakati nyumba ilipokuwa sokoni.

Linalofichwa zaidi katika makabidhiano haya ni ripoti ya ukaguzi. Mara nyingi nyumba inarudi sokoni kwa sababu mnunuzi alikagua, akaona ufa kwenye msingi au unyevu chini ya sakafu, akajitoa. Mwenye nyumba atakwambia: "Tuanze upya, hayo yalikuwa ya zamani." Kubadilisha wakala hakuondoi anachokijua. Katika majimbo mengi kasoro kubwa inayojulikana lazima itajwe, na fomu inayotumika sana Texas humwuliza muuzaji kuhusu ripoti za ukaguzi alizopokea ndani ya miaka minne. Muulize moja kwa moja, siku ya kwanza: "Kuna mnunuzi aliyewahi kusaini akajitoa? Kwa nini? Ripoti iko wapi?" Akikataa kuitaja kasoro, usiipokee nyumba. Fomu za ufichuzi zijazwe upya kwa tarehe mpya. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inahitaji pia fomu ya rangi yenye madini ya risasi, na ile ya wakala wa kwanza usiiazime.

Idadi ya siku sokoni usiichezee. Kila mfumo una sheria yake ya lini hesabu inaanza upya. Kubadilisha herufi za anwani au kuiingiza nyumba kama mpya ili hesabu irudi sifuri ni udanganyifu kwa wanunuzi.

Ukiwa wewe ndiye unayehama

Unatoka kampuni moja kwenda nyingine na una nyumba nne sokoni. Umezipata kwa jasho lako, lakini ni za broka unayemwacha. Kanuni ya 16-20 inakukataza kuwashawishi wateja wavunje mikataba yao, kabla ya kuondoka na hata baada ya kuondoka, isipokuwa kama mlikubaliana vingine na kampuni. Njia sahihi ni kumwandikia broka na kuomba kila nyumba iachiwe, moja moja, kabla hujawaambia wateja chochote zaidi ya kwamba unahama. Mabroka wengi huachia kwa malipo ya sehemu. Wasioachia wana haki yao.

Ukilalamikiwa

Kwa wanachama wa NAR, malalamiko ya maadili na madai ya kamisheni hupelekwa kwenye chama cha eneo ndani ya siku 180. Madai ya pesa kati ya broka na broka huenda kwenye upatanishi au usuluhishi chini ya Kifungu cha 17. Faini ya kukiuka maadili inaweza kufika dola 15,000. Mwambie broka wako siku ileile unayopokea barua, usijibu kwa hasira kwenye simu, na usimwombe mwenye nyumba aandike barua ya kukutetea kwa maneno uliyompa wewe.

Kamati itataka makaratasi, kwa hiyo kila nyumba unayoichukua kutoka kwa mwingine iwe na faili yake tangu siku ya kwanza: picha ya skrini ya historia ya MLS yenye tarehe, ujumbe uliomtumia broka wa kwanza na jibu lake, ujumbe unaoonyesha mwenye nyumba ndiye aliyekutafuta, karatasi ya kuachia yenye saini zote, orodha ya majina yanayolindwa, na mkataba wako wenye tarehe ya kuanza. Yote haya huchukua dakika 20 kukusanya wakati mambo yanatokea. Miezi mitano baadaye hayakusanyiki.